Sikio la Kuazima

Suali lililozuka barazani kwa fundi mmoja wa redio mjini Tanga, na kuwagawa waliokuwapo pasi na kuwagombanisha, ni hili: mtu aliyeketi pwani ya Afrika ya Mashariki, asiye na waya juu ya paa wala kipokezi juu ya meza, akifungua simu yake na kuuongoza kwa intaneti mtambo uliowekwa Uholanzi, na kwa mtambo huo akaisikia stesheni ya ridhaa ya Japani ikizungumza katika bendi ya meta 20, je, ana haki ya kuandika katika daftari lake kwamba ameisikia Japani, au haki yake inakoma katika kuandika kwamba Uholanzi imeisikia Japani na yeye akapashwa habari? Asiyehusika ataliona suali hili kuwa dogo. Lakini waliozoea kukesha na redio wanajua kwamba heshima yote ya mchezo wao, usio na zawadi ya fedha wala mtazamaji wa kushangilia, imesimama juu ya ukweli wa daftari.

Waliosema walikuwa watatu, nami nilikuwa wa nne kwa kuandika zaidi kuliko kusema. Mzee alikuwa opereta wa simu ya upepo katika meli za mizigo, zama ambazo dhiki ya baharini ikitangazwa kwa alama za Morse. Binti, ambaye humwita Mzee babu ingawa hapana nasaba baina yao, anasomea umeme na elektroniki. Na Fundi ndiye mwenye duka, mtu wa makamo aliyeishi kwa kutengeneza redio za watu hata akaziona zikiacha kuletwa. Nimewataja kwa kazi na rika zao, kwani ndivyo walivyopenda.

MZEE: Mimi sikatai kwamba chombo hicho ni cha ajabu. Ninachokikataa ni jina mnalokipa kitendo chake. Katika chumba cha redio cha meli palikuwa na saa ya ukutani iliyopakwa rangi nyekundu mahali pawili, dakika tatu kuanzia ya 15 na dakika tatu kuanzia ya 45, na mshale ulipoingia katika wekundu huo kila stesheni iliyokuwa katika kilohezi 500, ya pwani na ya baharini, ilinyamaza, ili aliye taabani, hata kama betri yake imekwisha dhoofu, apate kusikika. Katika dakika zile sikuwa nikiisikiliza dunia; nilikuwa nikisikiliza kutoka pale meli yangu ilipo, kwa waya wa meli yangu, na niliposema nimesikia, maana yake ilikuwa kwamba mimi ndiye wa kuulizwa, maadamu mimi ndiye niliyekuwa pale. Sasa, mjukuu wangu, ukisikia kwa sikio la Uholanzi, nani wa kuulizwa? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na mengine ya methali hiyo sitayataja mbele yako.

BINTI: Babu, shikamoo yangu ilikwisha tangulia, basi niruhusu nipinge bila ya kuvunja adabu. Kwanza chombo chenyewe kifahamike. Zamani aliyetaka kukiongoza kipokezi cha mbali alikishika yeye peke yake na wengine wakangoja zamu, kwa kuwa redio moja ina kitufe kimoja cha kutafutia stesheni, na kitufe kimoja hakiwezi kusimama pawili kwa wakati mmoja. Chombo cha Chuo Kikuu cha Twente, kilichoko Enschede, hakina kitufe cha namna hiyo: antena huyapokea mawimbi yote kwa pamoja, tangu karibu na sifuri hadi megahezi 29 na ushei, kompyuta ikayageuza yote kuwa tarakimu, na katika tarakimu hizo kila msikilizaji akakatiwa kipande anachokitaka, huyu meta 40, yule meta 160, mamia ya watu kwa saa moja, wala hapana anayemwondolea mwenziwe stesheni. Fikra hii ya mbunifu wake, Pieter-Tjerk de Boer, haikuanza kwa ajili ya masafa mafupi. Ilianza kwa darubini ya redio ya Dwingeloo, sahani yenye upana wa meta 25 iliyozinduliwa mwaka 1956, ambayo waridhaa wa Uholanzi walitaka kupokea kwayo mawimbi yanayopigwa mwezini yakarudi duniani. Na kwa kuwa ni nadra mtu kuwa na sahani kama ile uani kwake, ikaonekana ni insafu kila mwenye kompyuta apewe nafasi ya kusikia kinachosikiwa na sahani. Kituo cha Enschede kilifunguliwa kwa watu mwaka 2008. Na ili usidhani, babu, kwamba hicho ni kiburi cha wenye minara, antena yake ni kijipande cha shaba cha kutosha kiganjani, kilichoinuliwa juu ya jengo pamoja na saketi ndogo ya kukuza mawimbi. Ni kitu ambacho Fundi anaweza kukiunganisha hapa dukani kabla ya adhuhuri.

Mzee alikuwa ameshikilia daima kwamba bila ya waya mrefu hapana redio, na habari hii ya kijipande cha shaba ilimkera kuliko habari ya intaneti. Aliuliza mara mbili kuhusu ukubwa wake. Fundi, aliyekuwa na chuma cha kulehemu mkononi, alikiweka chini ili aingie katika maneno.

FUNDI: Mzee wangu, wewe ulisikiliza baharini, ambako jirani yako alikuwa samaki. Njoo usikilize kwangu.

Akatwaa redio ndogo ya betri yenye masafa mafupi, akaiweka katika megahezi 7, akavuta mlingoti wake mpaka mwisho, nayo ikatoa mngurumo mzito usio na neno ndani yake. Akachomoa chaja ya simu ya mteja iliyokuwa ukutani, mngurumo ukapungua. Akazima taa ya LED iliyoning'inia juu ya meza ya kazi. Ukapungua tena, na nyuma yake ukadhihirika mlio mwembamba wa Morse, wa mtu asiyejulikana, ambaye Mzee alimsoma herufi tatu hivi kabla hajamezwa. Uliobaki ulikuwa msumeno wa sauti ulioingia kutoka nyumba ya pili, ukipanda na kushuka, nao Fundi hakuwa na mamlaka ya kuuzima.

FUNDI: Huo ni inveta ya sola ya jirani, na jirani ni mtu mwema, alinikopesha sukari juzi. Vitu hivi vyote, chaja, adapta ya televisheni, taa hizi za bei nafuu, havibadilishi umeme kwa upole kama transfoma nzito za zamani. Huukata na kuuunga maelfu kwa maelfu ya mara katika kila sekunde, na kila kukata ni cheche ya redio inayoenea katika masafa mafupi yote, na kiwanda kilichotaka kuuza kwa bei ya chini kimeacha kutia vichujio. Mtu aliyepanga chumba ghorofa ya tatu, mwenye nyumba hataki kuona waya juu ya paa lake, na kushoto na kulia kwake pana ukuta wa kelele, huyo hana uchaguzi baina ya sikio lake na la kuazima. Sikio lake limekwisha zibwa. Uchaguzi alionao ni wa kuazima au kukosa.

Hujja ya Fundi ina nguvu, nami nadhani ndiyo iliyowaingiza wengi katika mchezo huu wa kusikia kwa ghaibu, kwa kuwa kelele za miji hazikuikumba Tanga peke yake. Waridhaa wa Ulaya wenyewe, wenye leseni na mitambo ya fedha nyingi, hupokea kwa vipokezi vya mbali kwa sababu nyumbani kwao hapasikiki kitu. Pana kipokezi cha namna hii Uingereza, Hack Green katika jimbo la Cheshire, kilichowekwa penye handaki lililotayarishwa ili watawala wajifiche humo siku ya bomu la nyuklia. Pana pia watu chungu nzima wasiojali waridhaa hata kidogo, wanaofungua mtambo wa Enschede ili wausikilize mlio wa Kirusi unaorudiarudia usiku na mchana katika kilohezi 4625. Hao na wastarehe, mjadala huu hauwahusu.

MZEE: Nimekubali kelele. Kelele ni balaa, na nyumba ya jirani si yangu. Lakini mwenye kuazima huishi kwa hisani ya mwenye mali. Wewe mwenyewe, Binti, uliniambia kwamba mtambo huo wa Enschede ulizimwa mwishoni mwa mwaka 2010 usiwashwe tena hadi Julai 2012. Watu waliokuwa wameutegemea walifanya nini kwa muda wote huo?

BINTI: Walihamia kwingine, babu, au walijenga vyao. Leo vipokezi vya namna hiyo vimetapakaa. Kipo kimoja kidogo kilichobuniwa New Zealand, KiwiSDR, kilichoanza kuuzwa mwaka 2016, ambacho mtu hukiweka nyumbani kwake, akakiunga na antena na intaneti, akawakaribisha watu wanne kwa wakati mmoja kusikiliza tangu kilohezi 10 hadi megahezi 30. Mmoja akizima, mwingine yupo.

MZEE: Yupo wapi?

BINTI: Ulaya, Marekani, Japani, Australia.

MZEE: Nimeuliza kwa sababu nilijua utakavyojibu.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko adabu ya baraza inavyoruhusu, nami nikakitumia kutia suali langu. Tuseme, niliwaambia, ni saa sita mchana, na mwenye leseni wa Nairobi, mwenye jina la kuitia linaloanzia na 5Z, anaita katika megahezi 7. Aliyeketi Tanga na redio yake, lau kelele zitampa nafasi, atamsikia, kwa kuwa wimbi la Nairobi hupanda juu wima au karibu na wima, likapiga tabaka la ionosfia lililoko juu kabisa, likashuka ndani ya mwendo wa kilomita mia chache. Je, aliyeketi Tanga akisikiliza kwa Enschede atamsikia? Binti alijibu kwa haki, kama wanavyojibu watu waliosoma vyema: hatamsikia. Mchana, jua huliamsha tabaka la chini la ionosfia, na tabaka hilo huyanywa mawimbi ya masafa ya chini yanayotaka kwenda mbali, hata yasifike Ulaya. Kwa hiyo atakachokisikia kwa simu yake ni Mjerumani na Mbelgiji wakijuliana hali, ilhali jirani yake wa Nairobi anapita juu ya kichwa chake bila ya kujibiwa.

FUNDI: Na siku mafuriko yakikata barabara na minara ya simu ikilala, huyo wa Nairobi ndiye utakayemhitaji, si Mbelgiji.

BINTI: Siku hiyo hata Enschede haitafunguka, maana intaneti nayo itakuwa imelala. Hilo silipingi. Lakini, Fundi, hebu tugeuze upande. Rafiki yetu mmoja mwenye leseni, jina lake la kuitia linaanzia na 5H, alikuwa na mtambo mdogo wa kurushia wa wati chache, na waya alioufunga mwenyewe baina ya miembe miwili, wala hakujua kama mawimbi yake yanatoka shambani au yanaishia kwenye majani. Usiku, kwa saa zetu saa mbili, ambayo ni saa 17 kwa saa za dunia, giza likiwa limefunika Tanga na Uholanzi pamoja, aliita katika bendi ya meta 40 huku akiwa amefungua Enschede katika simu na kuvaa visikizi. Aliposema jina lake, akaachia swichi, sauti yake mwenyewe ikamrudia, nyembamba, ikifukiwa na kufukuliwa na mawimbi ya wengine, lakini jina lilisomeka. Ilichelewa kama sekunde moja hivi. Na usidhani, babu, kwamba uchelewaji huo ulikuwa wa redio, kwa sababu redio iliukata mwendo wa kilomita zipatazo elfu saba kwa yapata sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Muda uliobaki uliliwa na kompyuta na nyaya za kuirudisha nyumbani.

MZEE: Hilo ni jambo jingine kabisa. Hilo nalipenda.

BINTI: Lakini ndiyo ile ile, babu! Kipokezi kile kile, simu ile ile.

MZEE: Siyo ile ile. Yeye hakusema "nimesikia." Alisema "nimesikika Uholanzi." Alitaka kujua habari za Uholanzi, akaziuliza Uholanzi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwa saa nzima tulikuwa tukilizunguka jambo moja pasi na kulitaja. Kauli ya kusikia, katika redio, ina nguzo nne: ni nani aliyesikiwa, katika masafa gani, saa ngapi, na kutoka wapi. Tatu za kwanza intaneti haizigusi; saa ya Enschede na masafa ya Enschede huenda ni sahihi kuliko ya kipokezi chochote kilichoko Tanga. Nguzo ya nne huibadilisha yote, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo skrini ya simu huificha kwa urahisi kuliko zote, kwa kuwa sauti inatoka mkononi mwako, na mkono wako uko Tanga. Mzee alikuwa akiitetea nguzo hii kwa maneno ya jasho na ya waya, kana kwamba kosa la Binti ni uvivu, na Binti alikuwa akijitetea dhidi ya tuhuma ya uvivu, ambayo hakustahili. Ubaya, kwa rai yangu, haumo katika kuazima. Umo katika kuliacha jina la mwenye sikio nje ya daftari.

Nao si ubaya wa adabu peke yake, bali wa maarifa, na mfano wake uko karibu nasi. Stesheni ya Zanzibar, yenye mtambo wa masafa mafupi kule Dole, ilijulikana kwa miaka mingi miongoni mwa wasikilizaji wa mbali kwa kilohezi 11735, na wako wazungu wasioijua Zanzibar hata katika ramani ambao waliijua kwa tarakimu hizo. Ni desturi ya kale ya wasikilizaji kuiandikia stesheni taarifa ya usikivu, wakitaja tarehe, saa za dunia, masafa, na tarakimu tano zinazokwenda kutoka 1 hadi 5: ya nguvu ya wimbi, ya mwingiliano, ya kelele, ya kufifia, na ya ubora wa jumla; na stesheni, ikiridhika, humjibu kwa kadi ya uthibitisho. Sasa tuseme mwanafunzi wa Dar es Salaam amelipata wimbi hilo kwa mtambo wa Ulaya, likiwa safi, akaandika 45444, na mahali pa kusikilizia akaandika Dar es Salaam, kwa kuwa ndipo alipoketi. Wimbi la megahezi 11 lililotupwa kwenye ionosfia aghalabu huruka juu ya majirani na kuangukia mbali, na baina ya mtambo na pale linapoangukia pana eneo la kimya; kwa hiyo Dar es Salaam, iliyo kilomita zisizofika mia kutoka Dole, huenda ikasikia mkwaruzo tu saa ile ile ambayo Ulaya inasikia kama chumba cha pili. Mhandisi akiipokea taarifa ile atafahamishwa kinyume cha hali ilivyo, tena kwa tarakimu nzuri, na kadi atakayoituma itakuwa shahada ya jambo lisilotokea. Lau mwanafunzi angeandika "Enschede, Uholanzi, kwa kipokezi cha mbali, nikisikiliza kutoka Dar es Salaam", mhandisi angepata habari ya kweli na ya kumfaa, na mwanafunzi hangepungukiwa kitu ila fahari ndogo.

Wenye mashindano wamekwisha lifahamu hili, nao hawakulifanyia falsafa. Kanuni za mashindano ya CQ World Wide zinataka mitambo yote ya kurushia na ya kupokelea ya mshindani mmoja iwe ndani ya duara lenye kipenyo cha meta 500, na anayesikiliza kwa sikio la nje ya duara hilo hana nafasi.

Fundi aliagiza kahawa, na ilipofika mazungumzo yalikuwa yamekwisha panda kutoka ionosfia hadi mahali pa juu zaidi, kwa sababu Binti alikuwa na hoja ya akiba.

BINTI: Babu anasema sikio la Ulaya linasikia ya Ulaya. Lakini iko setilaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018, na ndani yake mna mtambo wa waridhaa, wa kwanza wa namna yake kuwekwa katika setilaiti isiyotembea mbinguni. Inapokea katika megahezi 2400 na kurudisha chini katika megahezi 10489 na kitu, nayo inaiona Afrika yote, Ulaya yote, Bara Hindi, hata pembe ya Brazili. Mtu akizungumza kwayo, anayeisikia Cornwall na anayeisikia Tanga wanasikia kitu kimoja, kwa kuwa wimbi limekwenda na kurudi mwendo wa zaidi ya kilomita 70,000, na robo ya sekunde imepita kwa wote wawili. Waridhaa wa Uingereza wameweka kipokezi chake Goonhilly, Cornwall, kinachofunguka kwa simu. Hapa hujja ya mahali inakufa, babu.

MZEE: Setilaiti hiyo imesimama juu ya nchi gani?

BINTI: Juu ya mstari wa ikweta, nyuzi 25.9 mashariki.

Mzee, ambaye umri umempunguzia masikio lakini haukumpunguzia ramani, alifumba macho kidogo, kisha akasema kwamba hapo ni Kongo, karibu na Kisangani. Na kweli ndipo.

MZEE: Basi imesimama juu ya watu wanaosema Kiswahili, nasi tulio chini yake tunaiomba Uingereza itusimulie inachosema. Hujja yako haikufa, mjukuu wangu, lakini imenipa huzuni nisiyoitaraji.

FUNDI: Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, Mzee. Ungo wa televisheni wa kawaida na kichwa chake, na kijidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ungo unauelekeza juu sana, karibu na utosini, kuelekea magharibi. Sijafanya kwa sababu hapana aliyeniuliza.

Sikuwa nimetaraji kwamba mtu atakayemtoa Mzee katika msimamo wake angekuwa yeye mwenyewe. Lakini tangu neno hilo la Kisangani aliacha kuuliza kama ni halali kuazima, akaanza kuuliza kwa nini sisi hatuazimwi. Binti alimweleza jambo ambalo sikio moja, hata liwe la opereta hodari kiasi gani, haliwezi kulifanya. Vipokezi vidogo vile vya New Zealand vina ndani yake kipokezi cha GPS, ambacho kwacho huijua saa kwa usahihi wa kupita kiasi. Kwa hiyo vitatu au vinne vilivyoko miji mbalimbali vikilisikia wimbi moja, tofauti ya nyakati za kufika kwake huonyesha limetoka wapi, na mtu aliye na simu tu anaweza kuomba hesabu hiyo ifanywe, akaonyeshwa katika ramani. Ulaya, iliyojaa vipokezi, mtambo wa kurushia usiojulikana huzungukwa upande kwa upande. Mtambo kama huo ukilia baina ya Komoro na Lamu, vipokezi vingi vinavyoweza kuusikia viko upande mmoja, mbali, na ramani huchora ukanda mrefu uliolala juu ya bahari, ambao hauna faida kwa anayetafuta jahazi. Maneno haya ya jahazi Binti aliyasema kwa kupitia tu, lakini Mzee aliyashika; dakika tatu za wekundu hazimtoki mtu.

MZEE: Wekeni la kwetu, basi.

FUNDI: Si hapa. Mmesikia wenyewe dukani. Tukiweka sikio hapa tutawasikilizisha walimwengu inveta ya jirani yangu.

BINTI: Na mwenye kuweka ndiye mwenye kulipa. Kila anayesikiliza kutoka nje analila bando la mwenyeji, usiku kucha. Na radi: msimu wa masika antena iliyo juu peke yake ni mwaliko.

MZEE: Radi naijua, ina dawa yake, ni waya mnene wa kwenda ardhini na mtu wa kuchomoa antena mawingu yakikusanyika. Bando tutachangishana. Lakini umesema chombo hicho hupokea watu wanne tu kwa mara moja. Nataka nafasi moja katika hizo nne isiwe ya wageni. Iwe ya watu wa hapa, ili aliye na chumba ghorofa ya tatu, huyo aliyezibwa sikio, ambaye Fundi anamtetea, aazime kwetu badala ya kwenda Enschede, amsikie wa Nairobi saa sita mchana.

BINTI: Inawezekana, babu. Mwenye chombo anaweza kuifunga nafasi kwa neno la siri.

MZEE: Na paandikwe ni wapi. Si "Afrika ya Mashariki." Jina la kijiji, aina ya antena, na urefu wake kutoka ardhini.

Hapo hapakuwa na wa kupinga, na ubishi ukahamia kwenye mambo ya nguzo na misumari. Fundi ana shemeji mwenye shamba njia ya Pangani, mbali na nguzo za umeme, ambaye hatumii chaja ila ya sola ya taa mbili. Lakini mtandao wa simu huko hushika upande wa barabara tu, penye banda la bati, na bati ni jirani mbaya wa antena. Mzee anataka nguzo isimame upande wa pili, baina ya minazi, na waya uvutwe kutoka bandani. Fundi anasema waya wa urefu huo utaleta kelele zake wenyewe kama haukufunikwa vyema, na bei ya waya uliofunikwa vyema anaijua yeye. Binti aliombwa apime kwa hatua siku atakayokwenda, na Mzee akamtaka asipime kwa hatua, achukue kamba.